Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye ufunguo wa jenereta

Mheshimiwa,

Pokea salamu, na heshima iliyosalia.

Juzi saa nane usiku stima ilipotea. Tanuri la maabara lilikuwa kwenye nyuzi 950, na ndani mna unga wa yitriamu, bariamu na shaba niliousaga kwa mkono siku mbili. Jenereta uliyoizindua mwenyewe, kwa utepe na picha, haikukohoa. Mlinzi akasema ufunguo uko ofisini kwako. Nasikia dizeli iliwahi kuibwa ndipo mkafunga. Au labda haikununuliwa kamwe, nani ajuaye.

Siku ya uzinduzi ulipiga makofi ulipoona sumaku ikielea juu ya kidonge cheusi kilichopozwa. Hicho ni superkondakta (si yule wa matatu): umeme hupita humo bila ukinzani hata chembe. Mwaka 1911 mwanafizikia Mholanzi, Kamerlingh Onnes, aliliona jambo hilo kwenye zebaki, kwa baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kidonge chetu, cha unga kama ule wa tanurini, aina iliyogunduliwa 1987, chatosheka na naitrojeni oevu, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa nini hasa, wanafizikia wangali wanabishana, nami nilitaka kuwemo.

Ila hakitaki pupa. Kikishaokwa hupozwa taratibu huku kikinywa oksijeni. Ikipungua sana, umeme haupiti tena, na kila atomi ya shaba huelekeza usumaku wake kinyume na jirani yake. Kama ofisi yako na sisi.

Vidonge vyangu vya zamani vimeliwa na unyevu wa pwani tangu kiyoyozi kife. Naitrojeni uliyoahidi "wiki ijayo" huu mwaka wa tatu, naiomba kwa mtu wa mifugo ng'ambo ya Likoni, anayehifadhia mbegu za ng'ombe. Navuka feri na mtungi unaofuka, watu wananipisha kama nimebeba jini. Ufadhili umekwisha. Karo inatoka kwenye mahamri ya mama, naye huniuliza: "Mwanangu, hicho kidonge chatibu nini?"

Naitrojeni, basi. Kiyoyozi, basi. Alhamisi nawasha tanuri tena. Ufunguo tu, Mheshimiwa. Mwachie mlinzi.

Wako, bado mtiifu,
Mwanafunzi wa fizikia, Mombasa