Cocoa Tea si wimbo wa Obama peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nitoe jambo ambalo limekaa kwa roho yangu tangu Machi 2025. Siku ile habari zilifika kwamba Cocoa Tea, mwimbaji wa rege kutoka Jamaica, amefariki tarehe 11 huko Florida nilikuwa jikoni nasonga ugali, tivii inaongea sebuleni, nikaskia mtangazaji anasema yule mwimbaji wa wimbo wa Obama ameaga dunia, wakacheza kipande kidogo cha huo wimbo alafu wakaenda kwa mpira. Basi. Nilizima jiko nikakaa chini. Mtu ameimba miaka zaidi ya 40 na Nairobi inamzika na wimbo mmoja?

Sisemi huo wimbo ni mbaya. Nani amesahau 2008 tulikuwa tumetoka wapi? Januari, baada ya uchaguzi, watu wa ploti moja walikuwa hawasalimiani juu ya kabila, Kibaki na Raila wakatia sahihi ule mkataba wa kugawana mamlaka tarehe 28 Februari ndio tukaanza kupumua, na mwaka huo huo Cocoa Tea akatoa huo wimbo wa kumuunga mkono Obama, matatu za 58 na hizi zetu za Umoja zinaupiga asubuhi mpaka usiku, unaona abiria ambaye majuzi tu hangekaa kiti kimoja na mwenzake sasa wanaitikia pamoja. Novemba Obama akashinda, Kibaki akatangaza tarehe 6 ni sikukuu, na siku hiyo yote mtaa wetu haukuskika kitu kingine. Hiyo nimeiweka na siwezi kuitoa. Lakini wakati anauimba Cocoa Tea alikuwa na miaka 48 na kazi yake kubwa alikuwa ashaifanya kitambo sana.

Wacha niseme nilivyomjua. Mimi ni mama wa miaka 50 na kitu, nauza mitumba Gikomba, sina dredi na sivuti chochote, nasema hivi juu mwanamke akisema anapenda rege bado kuna watu wanamwangalia vibaya, ingawa tangu mtangazaji wa rege Njambi Koikai, Mungu amrehemu, aanze kushika maiki pale Metro FM hiyo aibu ilitutoka wengi. Sasa, kaka yangu mkubwa alikuwa ananunua kaseti River Road, zile za kurekodiwa, jina limeandikwa na biki kwa karatasi. Mama yetu alikuwa mtu wa kanisa kabisa na alikuwa anaamuru zote zizimwe, isipokuwa moja. Cocoa Tea akiimba mama alikuwa anaendelea kuchambua mboga kimya, siku moja akasema huyu kijana anaimba kama mtu anabembeleza mtoto. Na ni kweli. Miaka ya 80 densiholi, ile rege ya kucheza ya Jamaica, ilikuwa imeshikwa na madijei, wale wa kuongea juu ya mdundo, na yeye akaingia hapo katikati na sauti nyororo, hasukumani na mtu, na akaskika. "Lost My Sonia" ikianza sokoni hata leo utaona wanaume wazima wananyamaza.

Na hapo hakufika na bahati. Alizaliwa Calvin Scott, 1959, Rocky Point huko Clarendon, kijiji cha wavuvi. Alirekodi wimbo wake wa kwanza 1974 akiwa kijana wa miaka 14 hivi, haukuenda mahali, akaachana na studio akawa mpanda farasi wa mashindano, kama wale wanakimbizana pale uwanja wa Ngong Road, akavua samaki pia. Miaka! Ni mpaka karibu 1983 ndio akaenda Kingston kwa mtayarishaji Junjo Lawes na dunia ikaanza kumjua kwa jina la Cocoa Tea, ambayo kwao ni kakao ya moto ya kunywa asubuhi, maana kwa Wajamaika karibu kila kinywaji cha moto ni chai. Mimi nikiona vijana wetu wa rege hapa mtaani wanatoa wimbo mmoja, haushiki, wanavunjika moyo, hii hadithi ya farasi na samaki ndio huwa nawapigia.

Baadaye akafanya kazi na mtayarishaji King Jammy wakati midundo ilikuwa imegeuka ya kompyuta, wengi wa zamani waliachwa hapo lakini yeye hakuachwa. Akaimba na Shabba Ranks na Home T kuhusu redio za magendo za Uingereza, zile za kurusha bila leseni, akaenda kwa mtayarishaji Fatis Burrell miaka ya 90. Wanaosema ni wa mapenzi tu hawajamskiza. Vita vya Ghuba vya 1991 aliviimba akisema wazi kwamba watu wanakufa juu ya mafuta, na hizo nyimbo zikanyimwa redio. Akaimba pia kuhusu jela ya Rikers Island New York. Sauti ni ile ile tamu, ndio maana maneno yanakuingia kabla hujajua ni makali.

Ndio naumia nikiskia vipindi vya rege vya Jumapili, dijei anamkata katikati ya ubeti na kupiga kelele juu yake, hataji hata jina, kijana anamaliza kuskiza masaa matatu na hajui ni nani alikuwa anaimba. Mwanangu ana miaka 19 na alidhani Cocoa Tea ni jina la kundi. Watangazaji, tafadhali, wacheni wimbo uishe, semeni mtu ni nani na ametoka wapi, haichukui hata nusu dakika.

Na wewe Mhariri, kama kuna mwandishi wako anaweza kuandika maisha yake ukurasa mzima kwa Kiswahili, nitanunua nakala mbili. Moja ni ya kaka yangu, macho yake siku hizi hayaoni vizuri, lakini nitaenda kwake Jumapili nimsomee.

Mama wa mitumba,
Umoja, Nairobi