Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha wanakemia, Lubumbashi

Bapapa, bamama na vijana wa kemia,

Masomo ya Jumamosi kwa wanafunzi wa sekondari yameendelea, maktaba imepakwa rangi, na wenzetu wawili tumewazika kwa heshima. Hayo mnayajua.

Nije kwenye zile dola 380 za kisanduku cha sherehe, ambazo kamati ilizitumia kwa jaribio la kichocheo cha mwanga, yaani kitu kinachotumia mwanga kuharakisha mabadiliko ya kemia. Maneno yamesemwa, hata matangani. Niliitisha mkutano mara tatu tuamue pamoja. Kati ya wanachama 38 walikuja 9, kisha 7, kisha 6. Kamati ikaamua, nami nikatia sahihi, na leo ningetia tena.

Fedha zilinunua taa za mwanga wa bluu na kutengeneza tanuri. Mliouliza kwa nini tuiache dioksidi ya titani, kichocheo tulichokizoea, tuchukue nitridi ya kaboni, jibu liko kwenye kemia. Tangu wanasayansi wa Japani Fujishima na Honda watoe kazi yao juu yake mwaka 1972, dioksidi hiyo ndiyo inayoheshimiwa kati ya vichocheo vya mwanga. Lakini inataka mionzi ya urujuanimno, chini ya nanomita 388 hivi, na katika jua letu hiyo ni kama asilimia 5 tu. Tena ndani ya maji matundu yake, yaani nafasi zinazoachwa na elektroni zilizorushwa na mwanga, huzaa radikali za hidroksili, vipande vikali vya oksijeni na hidrojeni, na hizo hazichagui: huunguza mpaka ibaki kaboni dioksidi. Kwa kusafisha maji machafu, sawa kabisa. Sisi tulitaka alkoholi ya benzili, inapooksidishwa, ikomee njiani, kwenye benzaldehidi, isifike asidi ya benzoiki.

Nitridi ya kaboni hupokea mwanga hadi karibu nanomita 460, na tundu lake halina nguvu ya kuzaa radikali zile. Tena inatoka kwa ure, mbolea ile ile ya mahindi, ikichomwa kwa nyuzi 550 ndani ya kikombe chenye kifuniko. Ure niliinunua mimi, taa nikazifuata Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa nauli yangu. Amonia, gesi kali inayotoka ure ikichomwa, ilipowasumbua majirani, nilikwenda mwenyewe kuomba radhi.

Mwezi wa Oktoba, baada ya saa nane za taa, tulifungua chupa, na harufu ya lozi chungu, ndiyo ya benzaldehidi, ikajaa chumba. Harufu peke yake haitoshi, kwa hiyo tuliweka tone kwenye bamba la kromatografia, linalotenganisha vitu vilivyochanganyika: doa jipya lilipanda sambamba na la benzaldehidi halisi, na la asidi halikuonekana. Alkoholi nyingi ilibaki bila kugeuka, nakiri. Lakini kilichogeuka kiligeuka tulivyotaka. Mashahidi tulikuwa watano, na iliniuma sana kwamba hamkuwepo.

Kotizasio, yaani michango ya uanachama: waliolipa mwaka mzima ni 13, deni lote dola 610. Katika waliolalamika zaidi juu ya kisanduku, wanne hawajalipa tangu mwaka juzi.

Mwakani, Mungu akijalia, tutajaribu kwa jua lenyewe wakati wa kiangazi, na tunatumaini kupata wa kutushika mkono.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa tatu asubuhi, pale pale. Mama mweka hazina atakuwa mlangoni na daftari lake.