Tyubu ya tatu ya dawa ya bawasiri hatukuuzii

Mteja wa dawa ya bawasiri namjua kabla hajafungua mdomo. Anasimama pembeni, anakagua miswaki kana kwamba ndiyo iliyomleta, anangoja akina mama wenye watoto wamalize, kisha anasogea dirishani na kunong'ona: "Nipe ile ya kukaa." Wengine hawaji kabisa. Wanamtuma bodaboda na ganda la tyubu iliyoisha. "Amesema kama hii."

Tyubu ya kwanza tunauza. Ya pili tunauza na maswali juu. Ya tatu hatuuzi mpaka umeonwa na daktari. Mzee mmoja aliyeshuka hapa Moshi kutoka Kibosho, mlimani, aliniuliza, "Mwanangu, hapa ni famasi au polisi?" Akaenda kununua kwingine. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, sikupata nafasi ya kumjibu vizuri.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa, na inapochubuka hutoa damu nyekundu. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na uvimbe ukiwa chini, kwenye puru, karibu na mlango wa haja kubwa, damu yake ni nyekundu vilevile. Kwa macho hamna wa kuzitofautisha, wala mimi mwenye koti jeupe. Tena mtu anaweza kuwa na vyote viwili: dawa ikatuliza muwasho wa bawasiri, yeye akashukuru, na kule juu uvimbe unaendelea kukua.

Si kila damu ni saratani. Amiba tunayo, na wanaoshinda kwenye maji ya mashamba ya mpunga huku tambarare wanakijua kichocho. Vyote hutia damu kwenye choo. Ndiyo maana nataka upimwe, usibahatishe. Kinachonitia wasiwasi ni damu inayorudi rudi, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa (leo kimefunga, kesho unaharisha), kutoka chooni ukihisi hujamaliza, na suruali kulegea bila sababu. Halafu kuna upungufu wa damu. Huu watu huupita. Mwanamume mtu mzima, au mama aliyekwishakoma hedhi, akiambiwa damu imeshuka hununua dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, inapanda, inashuka tena. Inakwenda wapi? Uvimbe wa upande wa kulia wa utumbo mpana huvuja kidogo kidogo, na chooni usione chochote.

Nyingi ya saratani hizi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, ambacho bado si saratani. Kugeuka kwake mara nyingi huchukua miaka kama 10. Kwa kolonoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa, daktari hukiona na kukiondoa hapo hapo. Hata saratani ikiwa imeshaanza, takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba ikikutwa haijatoka nje ya utumbo, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baadaye. Ikishafika kwenye ini, hesabu hugeuka vibaya. Waliopimwa huniambia kazi ngumu ni maandalizi: dawa ya kuharisha, na kushinda kwa maji na chai ya rangi. Kwa Mchagga kukosa mtori siku nzima, naelewa.

Asiye na dalili anaweza kuanza na kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana. Uliza ni cha aina gani. Cha zamani hushika hata damu ya mnyama, kwa hiyo ukinywa kisusio, ile supu yenye damu ya mnyama, Jumapili usishangae majibu ya Jumanne. Kipya hutafuta damu ya binadamu tu. Lakini ukiwa tayari unaona damu, achana na vikopo vya kupimia choo, nenda kwa daktari.

Uingereza hutuma kikopo kwa posta hadi nyumbani. Hapa lazima ujitume mwenyewe. Marekani tangu 2021 hushauri kuanza kupimwa ukiwa na miaka 45. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua, anza na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika yeye, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo Desemba mkipanda nyumbani, muulize shangazi babu alikufa na nini hasa. Ukijibiwa "tumbo", endelea kuuliza.

Chakula nacho kina sehemu yake. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa zilitajwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa mwaka 2015 kuwa zinasababisha saratani hii. Sigara na pombe zimo pia, na mbege ni pombe. Kiburu chako, ndizi na maharage, endelea nacho.

Badala ya tyubu ya tatu tunakupa kikaratasi, bure: dawa ulizotumia, tarehe, dalili zako. Unakipeleka kwa daktari wa karibu au hospitali ya Mawenzi, na ikibidi wao watakuandikia rufaa ya hospitali kubwa ya KCMC. Maswali tunayaulizia chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Na bodaboda akija na ganda la tatu, atarudi kwako na ganda lako na kikaratasi ndani ya bahasha iliyofungwa.