Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti wa Chama cha Wazazi: Nani Ana Ufunguo wa Bweni?

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu, mwalimu mkuu na walimu wetu, wajumbe wa Bodi: asalaam alaikum, na Bwana asifiwe.

Tumezoea taarifa ya mwenyekiti ianze na shukrani, ipite kwenye matokeo ya mtihani na chakula cha mchana, na usalama utajwe mwishoni watu wakiwa wameshaanza kutafuta mikoba yao. Mwaka huu nimeigeuza. Mliponichagua niliwaambia lililo moyoni mwangu ni mabweni. Mambo mengine kamati imeyafanya, na mhazini atayasoma kwenye hesabu. Mimi nitasema nanyi juu ya watoto wetu wakiwa wamelala.

Machi 1998 nilikuwa kidato cha pili, nalala bweni katika shule moja ya wasichana papa hapa Pwani. Habari za shule ya wasichana ya Bombolulu zilitufikia tukiwa kwenye foleni ya uji. Wasichana 26 walikuwa wamekufa kwa moto bwenini mwao kule Kwale, usiku, madirisha yana vyuma na mlango umefungwa. Hakuna mwalimu aliyetukalisha chini akatueleza. Usiku wake matroni alikuja saa nne kama ada yake, akazima taa, akatoka, akatia kufuli kwa nje. Sote tulilisikia likibana. Mwenzangu wa kitanda cha juu alishuka na shuka lake akaja kulala kwangu, wala hatukusemezana. Kufuli lile liliendelea kutiwa kila usiku mpaka nilipomaliza kidato cha nne.

Miaka mitatu baada ya Bombolulu ikaja shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 wakafa kwa moto, mlango mmoja kati ya miwili umefungwa, madirisha yana vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na yaliyowafungia watoto wale yamepigwa marufuku humo kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa la sita angeyaelewa. Bweni liwe na mlango kila upande na wa dharura katikati. Mlango uwe na upana wa futi tano na ufungukie nje. Madirisha yasitiwe vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na njia ya kupita iwe mita mbili. Wanafunzi wahesabiwe kila usiku kabla ya kulala. Hata hivyo Septemba 2017 tuliwazika wasichana 10 wa Moi Girls Nairobi, na Septemba 2024 wavulana 21 wa shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Kwa hiyo Machi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, kamati iliingia mabwenini na futi ya fundi na mwongozo mkononi. Namshukuru mwalimu mkuu kwa dhati, maana wakuu wengine wasingekubali wazazi waone yale tuliyoyaona. Milango yote ilifungukia ndani. Milango ya dharura ilikuwapo, lakini ule wa bweni la pili ulikuwa umezibwa na masanduku yaliyopangwa hadi usawa wa kifua. Kila dirisha lilikuwa na vyuma. Katika bweni la tatu, kati ya kitanda na kitanda nilipita kwa ubavu.

Suala la vyuma ndilo lililotugawa, na sitaki kulifunika. Wazazi kadhaa walisimama katika mkutano wa Aprili wakasema vyuma vinawalinda mabinti na wezi, na vinawazuia kutoroka usiku. Hofu hiyo ni ya kweli na aliyeisema hakukosea kuisema. Lakini mwizi huzuiwa uani, kwa ukuta, taa na mlinzi aliye macho. Akishafika dirishani mlinzi ameshashindwa, na msichana akishafika dirishani moshi uko nyuma yake. Tulipiga kura, na vyuma vikaenda. Likizo ya Aprili fundi alikuja na mashine yake ya kukatia, akavikata kimoja kimoja, na milango ikageuzwa ifungukie nje. Fedha zilizokuwa za kupaka rangi ukumbi tulizipeleka kwenye taa za uani na mlinzi wa pili wa usiku. Ukumbi bado haujapakwa, na mimi ndiye wa kulaumiwa.

Tukadhani tumemaliza. Mei tukafanya zoezi la kwanza la kutoka bwenini, saa kumi alfajiri, bila kuwaambia wanafunzi. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa mipya, imening'inia ukutani kila mlangoni. Kengele ikapigwa. Wasichana wa bweni la pili wakakimbilia mlango wa katikati, wakausukuma, haukwenda. Ufunguo wake ulikuwa kwenye pete ya funguo za matroni, na matroni usiku ule alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda msibani. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango ule na saa mkononi. Niliwasikia wakiupiga kwa viganja, wakijua ni zoezi, na bado sauti zao zilianza kubadilika. Wa mwisho wao alitoka baada ya dakika saba.

Tangu siku ile hakuna ufunguo. Milango yote ya mabweni ina komeo linalofunguka kwa ndani kwa mkono mmoja, na kufuli limeondolewa kabisa. Anayetaka kujua kama mtu ametoka usiku atamuuliza mlinzi, na kwa hilo kuna buku la mlinzi.

Zoezi lile lile lilitufunua jambo la pili. Tulipowahesabu uwanjani walipungua wanne. Hakuna aliyejua ni kina nani mpaka kiranja mmoja alipokumbuka kuwa wawili walikuwa chumba cha wagonjwa. Wa tatu alikuwa amelala bweni jingine kwa rafiki yake. Endarasha, siku iliyofuata moto, serikali ilitangaza kuwa watoto 70 hawajulikani walipo. Wengi wao walikuwa wameshachukuliwa na wazazi au kuhifadhiwa na majirani, bali hapakuwa na orodha ya kumwambia mama aliyesimama getini kama mwanawe ni miongoni mwao. Sasa matroni huhesabu saa tatu na nusu usiku, kitanda kwa kitanda, na orodha huandikwa mara mbili: moja hubaki kwake, nyingine kibandani kwa mlinzi, maana orodha iliyo ndani ya bweni huungua pamoja na bweni. Anayekwenda chumba cha wagonjwa huandikwa anapotoka.

Na yule wa nne? Alikuwa kitandani, usingizini. Ni binti asiyesikia vizuri. Kengele ilipiga, wenzake wote wakatoka mbio, yeye akalala. Hili liliniumiza kuliko ule mlango, kwa sababu mpango wote tuliuandika sisi wenye masikio. Amehamishiwa kitanda cha chini karibu na mlango, na wenzake wawili wa jirani, waliojitolea wenyewe, kazi yao ni kumgusa bega kabla hawajavaa ndara. Katika zoezi la tatu, Oktoba, alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza uwanjani. Bweni lote lilitoka kwa muda usiofika dakika mbili.

Tumewafundisha pia kutambaa. Godoro la sponji likiwaka, moshi wake huua kabla ya moto kufika, na hewa safi iko chini. Msiwashangae wakija likizo wakiwaonyesha wadogo zao namna ya kupita sebuleni kwa magoti. Nyaya zilizochunwa kwa ajili ya kuchajia simu za mafichoni ziliondolewa, na fundi wa stima amekagua soketi zote. Gari la zimamoto la kaunti haliko karibu nasi, hivyo tangi la maji nyuma ya jikoni halitumiki kufulia tena.

Lipo jambo lisilopimika kwa futi. Mwaka 2016, hasa muhula wa pili, zaidi ya shule mia moja nchini zilichomwa moto, na mikono iliyowasha mara nyingi ilikuwa ya wanafunzi wenyewe. Naamini mtoto anayesikilizwa hafikii kiberiti kwa urahisi. Bodi imekubali kikao cha wanafunzi na mwalimu mkuu kila mwezi, wazazi wawili wakiwapo. Cha kwanza kililalamikia maharagwe yenye mawe na kunyimwa simu ya kupiga nyumbani. Yote mawili yalishughulikiwa wiki ile ile.

Kuhusu basi nitasema kifupi. Baada ya wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta kufa barabarani pale Maungu, Machi 2024, wengi wenu mliuliza. Safari za usiku zimesitishwa, na hakuna anayesafiri amesimama.

Lililonishinda ni bweni la tatu. Bado limesongamana, na dawa ni mbili: kujenga, au kukataa kupokea wanafunzi zaidi ya vitanda vinavyotosha. Tumeomba fedha za CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na jibu halijaja. Mpaka lije, ninaomba mkutano huu uidhinishe pendekezo la kamati kwamba Januari asipokelewe mwanafunzi wa bweni asiye na kitanda chenye nafasi yake, hata akija na barua ya nani. Najua baadhi yenu mna wadogo wa wanafunzi hawa wanaosubiri nafasi. Mimi pia ninaye mpwa wangu.

Jingine ni fomu. Tulipojaribu namba za simu mlizoandika, nyingi hazikupatikana, nyingine zilipokewa na watu wasiomjua mtoto. Kwenye meza iliyo mlangoni kuna fomu mpya: namba mbili za simu zinazofanya kazi, jina la mtu anayeruhusiwa kumchukua mtoto, na ugonjwa wowote alio nao, pumu ikiwamo. Katibu atazipiga namba hizo hapo hapo, mkiwa mmesimama mbele yake, kabla hamjatoka.