Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ugomvi ulioanzia kwenye mikataba yetu

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka kila mwaka nisimame mbele yenu nieleze timu imetoka wapi na imefika wapi. Matokeo ya mechi zote katibu ameyaweka kwenye makabrasha yenu, na mahesabu atayasoma mhazini. Sitayarudia. Mnajua tumebaki daraja hili kwa matokeo ya uwanja mwingine, siku ya mwisho, sisi tukiwa tumeshafungwa na wachezaji wetu wamekaa kwenye nyasi wakisubiri simu ya mtu. Muda wenu leo nauomba kwa jambo moja tu: yaliyotokea kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na nani aliyeyaanzisha.

Wengi wenu mmeshapata habari nusu nusu. Mmeambiwa mshambuliaji wetu amevimba kichwa, winga ana kijicho, kocha ameshindwa kuwashika. Maneno hayo nimeyasikia jukwaani, nimeyasikia kwenye kamati, na mwanzoni mwa msimu niliyasema mimi mwenyewe. Siyaamini tena.

Wa kwanza kuona alikuwa mtunza vifaa. Alinifuata akaniambia, "Mwenyekiti, watu wamehama misumari." Sikumwelewa. Akanichukua hadi chumbani asubuhi, kabla ya mazoezi, akanionyesha. Kila mchezaji ana msumari wake wa kutundikia nguo, na kwa miaka mingi hakuna aliyejali nani amekaa wapi. Sasa upande wa dirishani walikuwa wamejipanga watu wa mshambuliaji, upande wa bafuni watu wa winga, na katikati misumari mitatu mitupu ambayo hakuna aliyetaka kuigusa. Kreti ya maji ilikuwa moja siku zote. Yeye alishaanza kuweka mbili, kwa sababu upande mmoja ulikuwa radhi kukaa na kiu kuliko kuvuka. Nilimwambia ni utoto, utapita. Huo ulikuwa mwezi wa pili wa msimu, na nasikitika sana kwamba sikumpa mzee yule hata robo saa ya masikio yangu.

Baadaye kocha msaidizi aliiketisha kamati mbele ya video. Hakutuonyesha mabao tuliyofungwa. Alikata vipande vya winga wetu tu, akiwa na mpira karibu na mstari wa pembeni. Katika kila kipande anainua kichwa. Katika kila kipande mshambuliaji yuko peke yake, mkono juu, anaomba krosi. Winga anamwona, anasita, kisha anaurudisha mpira nyuma au anaingia ndani na kupiga mwenyewe. Kipande cha nne mshambuliaji hainui tena mkono. Kipande cha sita hakimbii kabisa, anatembea. Chumba kizima tulinyamaza. Mtu anayejua mpira hahitaji kuelezwa kwamba timu ya namna hiyo inacheza pungufu hata kama mwamuzi hajamtoa mtu.

Tuliuliza chanzo, tukajibiwa tabia. Mimi nikaomba mafaili ya mikataba, nikayasoma usiku ule moja baada ya jingine, na nikakuta saini yangu chini ya kila karatasi. Wachezaji wote wawili wameniruhusu niwaeleze. Mshambuliaji tulimwahidi bonasi kwa kila bao atakalofunga, penalti zikiwemo. Winga tulimwahidi mshahara ulio sawa na wa mchezaji anayelipwa zaidi, kisha tukampa mshambuliaji bonasi ile bila kumwambia. Kwa hiyo kila krosi nzuri aliyopiga winga ilikuwa inaingiza hela mfuko wa mwenzake, naye habakiwi na kitu ila pongezi. Alilijua hilo kabla ya mechi ya tano, maana mambo ya mishahara hayakai siri kwenye chumba cha wanaume wanaovua nguo pamoja kila siku. Kijana yule hakuzaliwa na kijicho. Sisi ndio tuliomfundisha kuhesabu.

Hapo ndipo mtaelewa penalti ile ambayo wengi wenu mliishuhudia. Winga ndiye aliyeangushwa ndani ya boksi. Aliinuka na mpira ameukumbatia. Mshambuliaji akaja akaushika, kila mmoja akavuta kwake, mwamuzi akasimama anawatazama, kipa wao anacheka. Mwishowe mshambuliaji akaupata, akapiga, kipa akaudaka. Kilichonichoma hakikuwa penalti kupotea. Wachezaji wetu wanne hawakurudi kukaba, ingawa mpira ulikuwa bado mchezoni mikononi mwa kipa. Walikuwa wamesimama, na mmoja, Mungu anisamehe kwa kusema, alikuwa anatabasamu. Mapumziko nilisikia kelele nikiwa koridoni. Viatu vilirushwa. Nahodha wetu wa zamani, beki ambaye nyote mnamheshimu, alisimama katikati ya wawili wale akiwa na jezi iliyochanika begani, na aliyeichana alikuwa mwenzake.

Haya hayatuhusu sisi peke yetu, na walio wakubwa kuliko sisi yamewakuta. Tarehe 2 Aprili 2005, Newcastle United wakiwa nyumbani dhidi ya Aston Villa, Lee Bowyer na Kieron Dyer walipigana ngumi uwanjani wakiwa wamevaa jezi moja. Timu ilikuwa nyuma 3-0 na pungufu ya mtu mmoja. Wote wawili walipewa kadi nyekundu, kwa sababu sheria ya 12 ya mpira wa miguu haimuulizi mtu amempiga nani, mpinzani au mwenzake, na Newcastle wakamaliza na watu wanane. Dyer alieleza baadaye kwamba Bowyer alimlalamikia kuwa hampi pasi. Pasi, ndugu zangu. Nilipokumbuka hilo baada ya ile video, nilipata baridi.

Wapo pia Ufaransa wa 2010, kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Nicolas Anelka alimtolea kocha Raymond Domenech maneno makali wakati wa mapumziko ya mechi na Mexico, akarudishwa nyumbani. Tarehe 20 Juni wachezaji wakagoma kufanya mazoezi, nahodha Patrice Evra akazozana hadharani na kocha wa viungo, wakaingia kwenye basi na kufunga mapazia, na Domenech ndiye aliyewasomea waandishi wa habari tamko la wachezaji waliomgomea. Timu iliyocheza fainali miaka minne kabla ilitoka mkiani mwa kundi na pointi moja. Zaire ya 1974 walipofungwa 9-0 na Yugoslavia, nyuma ya kipigo kile kulikuwa na wachezaji waliokuwa wakidai malipo yao. Ukiitazama mifano hii kwa haraka unaona wachezaji wakorofi. Mimi siku hizi nauliza kwanza viongozi waliahidi nini na kwa nani.

Sasa nifike kwenye langu mwenyewe. Kitambaa cha unahodha kilihama kutoka kwa beki kwenda kwa mshambuliaji kabla ya msimu, na mlitangaziwa kuwa ni uamuzi wa benchi la ufundi. Si kweli. Ni mimi niliyemwomba kocha. Mkataba wa mshambuliaji ulikuwa ukingoni, tulikuwa na hofu ataondoka, nikaona kitambaa kitamshawishi abaki na hakina gharama. Kocha alikataa mara ya kwanza. Nikarudi mara ya pili, na mwajiri akirudi mara ya pili hilo si ombi tena. Nawaomba radhi ninyi, namwomba radhi kocha, na nimeshamwomba radhi beki wetu nyumbani kwake, mbele ya mkewe.

Nilipokwenda kumrudishia, hakukipokea kwa furaha kama nilivyotarajia. Alikishika, akakikunja, akakiweka mezani. Akasema, "Mzee, kitambaa si kiraka. Mlikitoa kuzibia tobo la mkataba, sasa mnakirudisha kuzibia tobo la ugomvi. Waulizeni wenzangu kwanza." Akatutaka tuite kura ya wachezaji wote, wa akiba na vijana waliopandishwa wakiwemo. Ilipigwa kura ya siri, kocha akahesabu mbele yao, na beki akachaguliwa. Aliyempelekea kitambaa kutoka mezani alikuwa mshambuliaji. Hakuna aliyemwagiza.

Katikati ya msimu tulifanya mambo mengine, na ningependa myapime kwa uzito wake. Bonasi ya mabao ya mtu mmoja imefutwa kwa ridhaa ya mwenyewe, tukamfidia kwenye mshahara, na fedha ile imeingia mfuko mmoja wa ushindi unaogawanywa sawa kwa wote waliovaa jezi siku hiyo, aliyeingia na aliyebaki benchi. Wapo wajumbe walioona hii ni kumwonea nyota. Nawaheshimu, lakini nawauliza: yule kiungo mkabaji anayenyang'anya mpira mwanzoni mwa kila bao, mnamlipa kwa lipi? Orodha ya wapigaji penalti sasa inabandikwa mlangoni kabla ya mechi, jina la kwanza hadi la tatu, kwa mwandiko wa kocha. Na kundi lile la pili la WhatsApp, ambalo nusu ya kikosi hawakuwemo, limevunjwa na wachezaji wenyewe baada ya kikao kilichochukua muda wa saa tatu ambacho kamati haikuhudhuria. Sijui kilichosemwa mle ndani na sijauliza.

Wajumbe wa kamati ndio waliokuwa wagumu kuliko wachezaji. Kila mmoja wetu alikuwa na "mtoto wake" kikosini, aliyemsajili au kumleta, na mtoto huyo akiwekwa benchi simu ililia nyumbani kwa mjumbe kabla jasho halijamkauka. Mjumbe naye akampigia kocha. Mchezaji anayeweza kumpita kocha kwa simu moja hana sababu ya kuelewana na mtu anayegombea naye namba. Wawili kati yetu walijiuzulu badala ya kukubali utaratibu mpya wa kutoingia chumbani na kutozungumza na mchezaji kuhusu nani acheze. Nawashukuru kwa kazi waliyoifanya miaka ya nyuma, na sikuwabembeleza wabaki.

Mtaniuliza kama wale wawili wamepatana. Hawajapatana kwa maana ya kutembeleana. Wanasalimiana, wanajadili mpira, wanaondoka kila mtu na njia yake. Kuna waliotaka tuwafanyie suluhu ya hadhara, washikane mikono mbele ya mashabiki, nami nimekataa. Andy Cole ameeleza wazi kwamba yeye na mshambuliaji mwenzake Teddy Sheringham walikuwa hawaongei, kinyongo kilichoanza 1995 siku Cole alipoichezea Uingereza mara ya kwanza. Wakiwa hivyo hivyo Manchester United ilichukua mataji matatu msimu wa 1998/99. Kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya waliyocheza na Bayern mjini Barcelona, Sheringham alisawazisha, na Solskjær aliyefunga la ushindi alikuwa ameingia badala ya Cole. Kila mtu alijua kazi yake na nani mwenye kauli ya mwisho. Urafiki ni zawadi, ukija tuushukuru. Ninachodai kwa wachezaji wetu ni krosi.

Na zimeanza kuja. Kwenye mechi ile ya tatu kutoka mwisho, winga aliinua kichwa, akamwona, akapiga. Mpira ulimpita mshambuliaji kwa unyayo mmoja ukatoka nje. Halikuwa bao na halipo kwenye karatasi ya katibu. Mshambuliaji aligeuka akainua kidole gumba kumwelekezea. Mtunza vifaa alikuwa amekaa pembeni yangu, akanifinya mkono.

Nina neno na ninyi wanachama pia. Kuliimba jina la mmoja na kumzomea mwingine mpira ukiwa bado unachezwa kulikoleza moto, na baadhi ya nyimbo zile nilizisikia kwenye jukwaa la wanachama wenye kadi, wala si la wapita njia. Mnayo haki ya kukasirika na timu inayofungwa, kwa sababu ada mnalipa. Naomba hasira hiyo iletwe kwenye mkutano kama huu, kwetu, tuliosaini.

Timu ya vijana imefanya vizuri na ripoti yake imeambatanishwa. Ukarabati wa paa la jukwaa umesimama kwa kukosa fedha, mhazini ataeleza.

Ukurasa wa mwisho wa makabrasha kuna mapendekezo mawili ya kurekebisha katiba: hakuna mkataba wa mchezaji utakaosainiwa bila kocha mkuu kusoma vipengele vyote vya bonasi, na mjumbe atakayeingilia upangaji wa kikosi atapoteza nafasi yake. Kwa kuwa la pili linanihusu kwa niliyoyafanya, makamu ataongoza mjadala wake na mimi sitapiga kura.

Mazoezi ya msimu mpya yanaanza wiki ijayo. Mtunza vifaa ameomba rangi na brashi, na amenikubalia niwaambie ni za nini: anaandika namba za jezi juu ya misumari yote, moja hadi mwisho, kuanzia mlangoni. Winga ni namba saba. Mshambuliaji, tisa. Katikati yao atakaa yule kiungo wetu mkabaji, na kreti ya maji itarudi kuwa moja.

Mwenyekiti