Mjomba, kabla ya kidonge cha kila siku

Mjomba, shikamoo.

Umeniuliza kama uanze vidonge vya kuzuia mawe ya figo au uviache. Madereva wenzako nao wananiuliza hilo hilo, kwa hiyo nakujibu hadharani.

Hofu yako ina msingi, maana aliyewahi kutoa jiwe ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kupata jingine ndani ya miaka kumi, na wewe umeshatoa la pili. Ila dawa hufuata aina ya jiwe. Kile kijiwe ulichotuonyesha sebuleni, umekifungia kwenye kiberiti kama almasi, kipeleke maabara! Kikiwa cha asidi ya yuriki, sitrati ya potasiamu hupunguza asidi kwenye mkojo na inaweza hata kukiyeyusha. Kikiwa cha kalsiamu, kama yalivyo mengi, ndipo inapokuja hiyo hidroklorothiazaidi uliyoandikiwa, dawa ya kupunguza kalsiamu kwenye mkojo. Imeaminiwa miaka mingi. Lakini mwaka 2023 Waswisi walitoa majibu ya utafiti wa watu 416: kwa karibu miaka mitatu, waliomeza dawa hawakuwazidi kwa lolote la maana waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, tena kisukari kipya, jongo na upungufu wa potasiamu vilionekana zaidi kwao. Na sukari kwetu ni ya ukoo, unajua.

Mimi ningeanza na maji. Najua unajibana kwa sababu huwezi kupaki lori katikati ya mlima Kitonga ukatafute kichaka. Basi kunywa ukikaribia mizani, pale utasimama upende usipende. Mkojo wa siku nzima ufike lita mbili na nusu. Waitaliano walipima maji peke yake, wakachapisha mwaka 1996: ndani ya miaka mitano mawe yalirudi kwa 12 katika kila 100 waliokunywa mengi, na 27 kwa wasiokunywa.

Waliokukataza maziwa na dagaa wamekupotosha. Kalsiamu ya chakula huishika tumboni oksalati ya mchicha na karanga, ile kemikali inayojenga mawe, zikatoka na choo. Cha kupunguza ni chumvi, hasa ile unayoongezea kwenye chipsi kabla hata hujaonja.

Kisha omba kipimo cha mkojo wa saa 24, ule unaokusanywa kwenye dumu. Daktari akiona kalsiamu iko juu na bado akasema meza, meza, ila potasiamu na sukari vipimwe mara kwa mara. Maumivu yakija na homa, hapo hakuna cha kusubiri: hospitali usiku huo huo.