Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Makosa ya Dawa na Hofu ya Kuyaandika

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka tunaoufunga leo hapa Dodoma. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na mambo ya uanachama yamo katika taarifa ya Katibu. Mimi nimeona nafasi hii niitumie kwa jambo moja lililojirudia katika vikao vyetu, nalo ni makosa ya dawa hospitalini, hasa sababu inayofanya yasiandikwe.

Nianze na tukio nililosimuliwa na muuguzi, mwanachama mwenzetu, ambaye ameridhia nilieleze bila kumtaja yeye wala hospitali yake. Mtoto wa kilo 10 alilazwa usiku kwa malaria kali, akaandikiwa sindano ya atesuneti miligramu 30. Kichupa cha miligramu 60 kikichanganywa kwa ajili ya mshipa, kila mililita hubeba miligramu 10, hivyo mtoto huyo hupewa mililita 3. Kikichanganywa kwa ajili ya msuli, kila mililita hubeba miligramu 20, na kipimo chake ni mililita 1.5 tu. Muuguzi aliyekuwa anamaliza zamu alichanganya dawa ya msuli, akaitwa kwenye dharura kabla hajaichoma. Aliyempokea alikuta kichupa mezani hakina maandishi yoyote, akavuta mililita 3. Kichupa kikakauka, ilhali alitarajia kibaki na nusu. Akasita, akaimwaga dawa ile, akafungua kichupa kipya na kuanza upya.

Mtoto hakupata dozi maradufu, ila tukio hilo halikuandikwa popote. Nilipomuuliza muuguzi aliyenisimulia sababu, alinijibu kwamba mwenzake wa wodi jirani aliwahi kusema ukweli, akapewa barua ya kujieleza kabla zamu haijaisha.

Ndugu wanachama, jibu hilo limenikaa moyoni mwaka mzima. Barua ya kujieleza huuliza ni nani aliyekosea, na hospitali ikishampata mtu huyo huona kazi imekwisha, wakati kichupa kisicho na maandishi kitakuwa mezani tena kesho yake, mbele ya muuguzi mwingine aliyechoka vilevile. Sisemi uzembe wa makusudi uachwe bila hatua. Nasema kosa la mtu mwangalifu likiadhibiwa kama uzembe, wenzake wote hujifunza kunyamaza.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni iliyolenga kupunguza kwa asilimia 50, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika. Lengo la namna hiyo haliwezi kupimwa katika wodi ambayo daftari lake la matukio ni tupu, na kwa maoni yangu daftari tupu lapaswa kumtia mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, wasiwasi kuliko lililojaa.

Wapo pia wanachama wanaodhani fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inatosha kwa kila jambo. Fomu hiyo ni muhimu, na huhitaji kuwa na uhakika ili kuijaza. Kushuku tu kwamba dawa imemdhuru mgonjwa kunatosha. Lakini kosa lililonaswa kabla ya kumfikia mgonjwa, kama lile la atesuneti, linahitaji daftari la hospitali yenyewe, linalosomwa na muuguzi, mfamasia na daktari wakiwa pamoja.

Kwa upande wa utendaji, tumehimiza kila dawa iliyochanganywa ibandikwe plasta yenye jina lake, nguvu yake, njia ya kuitoa na saa; dozi iandikwe 0.5 badala ya .5, na 5 badala ya 5.0, kwa kuwa nukta isipoonekana dozi huongezeka mara kumi. Na potasiamu kloridi isiyozimuliwa, ambayo ikichomwa hivyo mshipani huweza kuua, isikae kwenye rafu za wodi za kawaida. Ziara tuliyowaahidi wenzetu wa Singida haikufanyika. Uongozi wangu ndio uliochelewa kuipanga, nami nawaomba radhi.

Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba mkutano huu uturuhusu kuwaandikia waganga wafawidhi wa kanda yetu, tukiwaomba watamke kwa maandishi kwamba mtumishi anayeripoti kosa lake mwenyewe kwa nia njema hataandikiwa barua ya kujieleza kwa sababu ya ripoti hiyo.

Naomba kuwasilisha.